Mahindi ya Ngoma ya Flora

Jumatatu, 3 Februari 2025

Salamu kwanza. Sijui daftari linaanzwaje, mimi nimezoea barua. Hapa Lukuledi wote wazima. Baba Dorika mzima, mgongo tu. Dorika mzima, ameingia la saba. Flora, mdogo wake, mzima, kutwa anaimba. Kule Newala kaka yangu Nikolao mzima, wifi Bibiana mzima, watoto wao wazima. Na mama yangu marehemu, salamu zimfikie huko aliko. Mbuzi naye mzima.

Daftari ni la Dorika la mwaka jana, kurasa zimebaki. Nikiwaza kichwani tu silali. Afadhali niandike.

Leo mkutano wa wazazi. Mzee Basil wa kamati ya chakula kasimama na koti lake lile lile. Serikali inasomesha bure, kasema, lakini sufuria ni letu. Maharage na ujira wa mpishi vinatoka kwenye korosho za shamba la shule. Mahindi ni ya mzazi — debe kwa kila mtoto wa la saba, kila muhula, maana wao wanabaki mpaka jioni kwa ajili ya mtihani. Wajane wamesamehewa. Na mabibi wanaolea wajukuu.

Nikauliza, na sisi ambao ghala limekwisha?

"Mama Dorika, wewe una mume."

"Mume wa msimu wa korosho huyo, na msimu umekwisha!" kasema mmoja nyuma. Tukacheka wote, na mimi. Mzee Basil kamalizia. Kuanzia kesho mtoto wa asiyeleta asipange mstari, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa.

Jumanne, 4 Februari

Dorika karudi midomo myeupe. Anasema wasiokula wanakaa nyuma ya madarasa ili wasisikie harufu. "Lakini upepo unatuletea, mama." Kasema akicheka. Mimi sikucheka.

Nimekumbuka uji wa masista shuleni kwetu! Nyumbani tulikuwa na kikombe kimoja cha bati, mimi na Nikolao. Wasichana walitangulia kwenye mstari. Nakunywa nusu, nakimbia kumpelekea. Anachungulia ndani. "Umekunywa kama kuku," ananirudishia. Namrudishia. Mpaka uji unapoa. Ukoko ulikuwa wa atakayeimba vizuri, na Nikolao alikuwa na sauti ya chura. Siku moja akaimba, sista akacheka mpaka akakaa chini, akampa ukoko wote. Tuliula njiani, tunalamba vidole, hatutaki kufika nyumbani.

Nilisoma mpaka la nne tu. Harufu ya uji ule ninayo.

Alhamisi, 6 Februari

Mahindi yapo. Yako darini juu ya jiko, mashada kwa mashada, meusi kwa moshi. Lakini ni ya ngoma ya Flora. Alikuwa achezwe unyago Desemba, msiba wa mama ukatukuta, imesogezwa Juni. Nikolao mwenyewe aliyafunga kwa ukili wa mkindu aliousuka. Kasema haya hayaguswi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake. Na kwenye ukoo wetu mwali anaonja kwanza mahindi ya ngoma yake, ndipo watu wale.

Nimemwuliza Baba Dorika. Kajikuna. "Hayo ya ukoo wenu. Mimi hapa nimeoa tu." Miaka yote kalima hapa, kapalilia hapa, kazika hapa — kwenye mahindi ya ngoma anakuwa mgeni!

Simu ya Nikolao haipatikani. Kashuka shamba la bondeni, huko mtandao hakuna.

Nimekaa chini ya dari nanusa. Ngoma yangu mimi — mama na wenzake wanatwanga, michi inapokezana, wimbo unakwenda na michi. Mimi ndani, naambiwa mwali hacheki. Nacheka! Somo wangu, yule aliyenifunda, ananifinya. Unga ule ulikuwa na harufu hii hii. Nikolao alichota maji ndoo kwa ndoo mpaka vijana wenzake wakamwuliza, mwali ni yeye? Kawajibu, dada yangu hachezwi mara mbili.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeshusha.

Nimefungua ukili mwenyewe. Nimepukuchua Flora akiwa kisimani. Debe nimelibeba kichwani mpaka shule. Mzee Basil kalipokea, kainama, kanusa. "Haya ya zamani haya! Mama yangu alikuwa nayo hivi." Tukasimama pale wawili kama wajinga, tunanusa debe.

Mama Isaka, mpishi wa shule, kasema ataanza na haya Jumatatu, ghala limebaki vumbi.

Mashada yaliyobaki nimeyafunga tena. Fundo langu halifanani na la Nikolao. Ukitazama mara moja tu unajua.

Jumatatu, 10 Februari

Dorika kala! Nilikuwa najiambia hivyo mchana kutwa, saa hizi anakula, saa hizi anaosha sahani. Nimeimba na Flora.

Dorika kaingia jioni, hakuvua viatu. Kasimama mlangoni.

"Mama, nimekula ngoma ya Flora."

Kumbe Mama Isaka alikuwa akipakua huku anapiga kelele: "Leo makande yananuka moshi wa jikoni kwa Mama Dorika! Haya, njooni mle kwake!" Utani tu, hana ubaya. Watoto wakacheka, wakagombea ukoko. Dorika alishafika nusu ya sahani ndipo akaijua harufu.

Nikasema, ni mahindi tu, mwanangu.

"Mjomba anajua?"

Nikainama kuchochea moto.

"Basi sili tena shule mpaka mjomba aseme."

Mkaidi kama mjomba wake! Flora kauliza, yalikuwa matamu? Sana, kasema Dorika. "Basi umenionjea. Mimi nitacheza hata kwa muhogo." Dorika kamwambia anyamaze, hajui kitu. Kisha wamekaa mkeka mmoja, mgongo kwa mgongo.

Jumanne, 11 Februari

Hakula. Nilimfungia muhogo, kampa rafiki yake. Simu ya Nikolao bado.

Jumatano, 12 Februari

Hakula tena. Mama Isaka kamwekea sahani, kairudisha kwa adabu, kasema asante mama, nasubiri ruhusa. Watoto sasa wanamwita Mwali. Leo walikuwa na jaribio la hesabu. Mwalimu kaniita njiani: Dorika kalalia karatasi. Kaniuliza, nyumbani kuna nini?

Mama angekuwepo angemaliza mambo haya kwa kupiga makofi mara moja. Alikuwa akipiga, sote tunakaa.

Nimempata wifi Bibiana kwenye simu. Kaka anapanda leo kutoka bondeni. "Wifi, usimwambie kwa mdomo, atafoka hujamaliza. Mwandikie." Na akaongeza: mguu unamsumbua, kwa hiyo atafoka sana.

Baba Dorika anazunguka uani, anajifanya anatafuta jembe. Jembe lipo mbele yake.

Nimeandika meseji, nimefuta, nimeandika tena. Hii ndiyo nimetuma, naiweka hapa nisije nikaisahau:

Kaka, shikamoo. Poleni na shamba, wewe na wifi na watoto wote, na pole ya mguu. Sisi wazima ila Dorika hali chakula shuleni. Nimefungua ukili wako. Debe la mahindi ya ngoma nimepeleka shule ili ale muhula huu. Hakunituma mtu. Juni nitapata mengine, shamba lipo, mbuzi yupo, Flora atachezwa. Ukija nigombeze, nitakaa chini nisikilize. Lakini Dorika anataka neno lako, langu halimtoshi. Mwambie ale. Kesho saa saba wanapakua. Nijibu kabla ya hapo, kaka.