Lebo Niliyoibandika Mwezi wa Pili

Katesh, 14 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu kidogo kuliko siku nilipokuacha hapo Tlawi. Kifua kinaendeleaje? Dada Evaline na watoto wake hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili, na Katesh ni upepo na vumbi kama kawaida yake. Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Simu ya nyumbani ikilia mnaweka sauti kubwa na kila mtu anasikiliza, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Evaline ameniambia bado huli vizuri, na kwamba kila anayekuja kukupa pole unamweleza kuwa ni wewe uliyesahau kumkumbusha baba siku zake za kliniki, ndiyo maana dawa za presha zikamwishia akaanguka. Tangu nisikie hivyo sina amani.

Unaikumbuka kazi yangu ambayo baba aliitania, akisema nimesomeshwa ili nikabandike karatasi kwenye magunia ya watu? Hakukosea sana. Ile programu inayotuma ujumbe wa kliniki kwenye simu za wagonjwa haina mwenyewe mmoja. Watu wa nchi nyingi huitengeneza kwa kujitolea, na anayeona kasoro huiandika kwenye orodha iliyo wazi kwa wote. Mimi ndiye niliyepewa kuipanga orodha hiyo. Kila kasoro naipa lebo: hii ya haraka, hii imeshaandikwa, hii isubiri. Watengenezaji wanafuata lebo. Ni kama wewe unapochambua mahindi, haya ya mbegu, haya ya kula, haya ya kuku. Mkono ukikosea, mbegu inaliwa na kuku.

Mwezi wa pili nesi mmoja wa zahanati ya Nambis, anaitwa Juliana, aliandika kwamba wagonjwa wawili wakiandikishwa kwa namba moja ya simu, yule wa kwanza hapati ujumbe tena. Aliomba irekebishwe upesi, kwa sababu kwao simu moja ni ya nyumba nzima. Mwenzetu mmoja wa ng'ambo akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa huku, kama kweli watu wazima wanachangia simu. Mama, niliona aibu. Nilijibu kwamba hao ni wachache sana siku hizi, nikabandika lebo ya "nadra, isubiri". Nesi akaandika tena mara mbili. Sikuiondoa.

Siku ya tatu ya msiba ulinipa simu nitafute namba ya mjomba Alfredi. Nikaziona zile jumbe. Tangu mwezi wa tatu, ulipoandikishwa wewe kwa ajili ya sukari, zote zinakuita wewe, Philomena. Baba hakuitwa hata mara moja, naye alikuwa anangoja aitwe kama alivyozoea. Nilikurudishia simu nikaenda kukaa zizini hadi mliponiita kula. Siku zote zile nilikaa nawe nikashindwa kusema.

Kwa hiyo si wewe, mama. Ni mimi.

Niliporudi huku niliitoa lebo ile, nikaweka ya haraka, na chini yake nikaandika kwamba nilidanganya, kwamba baba na mama yangu walikuwa na simu moja. Wakairekebisha kwa siku mbili. Siku mbili tu, mama.

Nisalimie Evaline na majirani wote waliotushika mkono. Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukiona nisije kwanza, mwambie Evaline aniambie, nitaelewa.

Zahanati yenu itaanza kutumia programu iliyorekebishwa wiki ijayo. Nimeomba jina la baba lifutwe, lakini wana kazi nyingi. Simu ikilia ukakuta imeandikwa, "Akonaay, kesho ni siku yako ya kliniki", usishtuke. Ni mimi, nimechelewa kumwita.

Mwanao,
Renatus