Nilitangaza Kifo cha Kobe Aliye Hai, Sasa Mjukuu Wangu Haniiti Babu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu binti yangu alianza kucheka mwanzoni tu na tangu hapo hajanifaa kwa lolote.

Mimi ni mzee niliyeishi ugenini muda mrefu kuliko nilivyoishi kwetu. Huko kwetu nilikuwa msomaji wa taarifa ya habari redioni, na nilipoanza kusoma watu waliacha vijiko hewani. Kituo kile kilifungwa zamani, wafanyakazi wake tukatawanyika, na hapa nilipo sauti iliyozoea kutangaza mafuriko na mikutano ya mawaziri imekuwa kwa miaka mingi ikiagiza vitunguu dukani. Sisemi haya ili unionee huruma, nasema ili uelewe jinsi moyo ulivyonidunda pale mwalimu mkuu wa shule ya kati anakosoma mjukuu wangu, mama mmoja mchangamfu, aliponiomba nisome matangazo ya asubuhi kwenye vipaza sauti kwa kuwa katibu wake alikuwa amekaukiwa na sauti.

Mshauri, nilivaa tai.

Nilianza kama inavyopasa, "Ifuatayo ni taarifa ya habari," nikasoma kwamba mazoezi ya kwaya yamehamishiwa ukumbini, kwamba bomba la uani halitumiki, na kwamba kimeokotwa kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, mwenyewe hajulikani, wala haijulikani alifikaje nyumbani. Niliambiwa baadaye kwamba madarasa yote yalikuwa kimya, hata mwalimu wa hesabu alisimama kwenye korido na chaki mkononi kama anayesubiri matokeo ya uchaguzi, na katibu alipopata nafuu mwalimu mkuu akamwambia aendelee tu kupumzika. Jioni ile mjukuu wangu, ambaye ana miaka kumi na miwili na hurudi nami nyumbani kwa miguu akinibebea miwani, aliniambia, "Babu, umetangaza kiatu kama vita." Nilidhani ni sifa. Bado nadhani ni sifa.

Sasa nifike kwa Sufuria. Sufuria ni kobe wa shule, anakaa kwenye sanduku katika chumba cha sayansi, na mjukuu wangu ndiye anayemlisha na kumbadilishia maji. Baridi ilipoingia kobe akaacha kula, akajikunyata ndani ya gamba lake, akatulia, minong'ono ikaanza, na mimi nikafanya nilivyofundishwa, yaani kutotangaza jambo mpaka lithibitishwe na vyanzo viwili. Nikamwendea mpishi, ambaye ndiye anayetoa majani ya kabichi, akasema, "Huyo amekwenda, mzee wangu. Kabichi yangu haijawahi kukataliwa na kiumbe anayepumua." Nikamwendea mwalimu wa michezo, akasema, "Nimemgonga mgongoni kama mlango, hakuna aliyeitika hodi." Tulipokuwa mezani mjukuu wangu akasema, "Babu, amelala tu, baridi ikija hulala hivyo," nami nikamjibu kwa upole kwamba yeye ni chanzo kimoja, tena chenye maslahi.

Asubuhi nikasoma, kwa ile sauti ya chini niliyokuwa nimeiweka akiba miaka yote hii: "Uongozi wa shule unasikitika kutangaza kifo cha kobe Sufuria, kilichotokea ghafla. Habari ziwafikie mpishi na wasaidizi wake, mwalimu wa michezo, mlinzi wa lango kuu, mtunza bustani, wanakwaya wote, wanafunzi wa zamani popote walipo, duka la wanyama alikonunuliwa, pamoja na kobe wote waliomfahamu." Naomba utambue kwamba sikujikwaa hata kwenye silabi moja.

Watoto walilia, mtihani wa hesabu ukaahirishwa, mtunza bustani akachimba kaburi nyuma ya jiko, na siku ya Ijumaa jua likatoka vizuri, sanduku likawekwa juani, kwaya ikaimba beti zote, na mwalimu mkuu alikuwa ndiyo kwanza anasema kwamba marehemu alikuwa mfano wa utulivu kwa wanafunzi wengi, hasa wa darasa la saba, pale marehemu alipotoa kichwa, akamtazama, kisha akaanza kula shada la maua.

Mwalimu mkuu anataka Jumatatu nisome masahihisho. Mshauri, katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kusoma masahihisho, na naogopa nikisoma watasema mzee amechoka, kipaza sauti kitarudi kwa katibu, nami nitarudi kwenye vitunguu. Nimefikiria njia ya heshima, yaani niisome kama habari mpya: "Kobe Sufuria, aliyefariki wiki hii, anaendelea vizuri." Mjukuu wangu haoni heshima yoyote hapo. Haniiti Babu tena. Njiani ananitangulia kwa nusu ya mtaa, miwani nabeba mwenyewe, na nyumbani akiwa na jambo la kuniambia anasimama mlangoni na kuutangazia ukuta: "Wahusika wote wanaarifiwa kuwa chai iko kwenye chupa." Binti yangu ananiambia, "Baba, si umwombe radhi yaishe?" lakini radhi ni mambo ya nyumbani na habari ni mambo ya kazi, na kazini nilifuata utaratibu, vyanzo viwili kamili, sasa kosa langu hasa ni lipi, na Jumatatu nisome nini?

Wako,
Msomaji wa Habari Asiyesemeshwa


MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nilijitahidi kutocheka kama ulivyoomba. Nilifika mpaka kwenye shada.

Kwanza pole, na ninamaanisha. Kukaa miaka na sauti kama hiyo halafu uitumie kuagizia vitunguu ni jambo la kuumiza, na tai ulistahili kuvaa. Kile kiatu cha mguu wa kushoto nacho ulikitendea haki. Hapo ndipo sifa zangu zinapoishia, kwa hiyo kaa vizuri.

Vyanzo viwili, unasema. Chanzo cha kwanza ni mpishi aliyenuniwa na kobe kwa sababu ya kabichi. Cha pili ni mtu mzima aliyegonga mgongo wa mnyama akisubiri kukaribishwa ndani. Hao uliwaamini. Anayefunua sanduku lile kila siku na kumjua Sufuria akiwa macho na akiwa amelala, ulimwambia ana maslahi. Wewe redioni ungeuliza habari za mafuriko kwa mtu aliye kileleni mwa mlima?

Lakini hata hilo angeweza kulisamehe. Watoto wamezoea kutosikilizwa na watu wazima, ni sehemu ya shule. Umeniuliza kosa lako hasa ni lipi, nami nimerudi kwenye lile tangazo lako nikalisoma tena polepole. Mpishi yumo. Mlinzi wa lango yumo. Duka la wanyama limo. Kobe wa dunia nzima wamo, na sijui ulitarajia wakusikie kwa njia gani. Anayembadilishia maji hayumo. Mtoto alikaa darasani asubuhi ile, mbele ya wenzake, akamsikia babu yake akiupa pole ulimwengu mzima kwa sauti nzuri kuliko zote, na yeye akarukwa. Hiyo ndiyo silabi uliyojikwaa, mzee wangu. Ndiyo maana sasa anatangazia ukuta: anakuonyesha inavyokuwa mtu akisomewa habari badala ya kusemeshwa. Na amejifunza vizuri, tusikatae. Ana kipaji cha kwenu.

Kuhusu kipaza sauti, acha woga. Watoto waliokaa kimya kusikiliza habari za kiatu hawatakukimbia kwa sababu umesema ulikosea. Mtu mzima akikiri kosa kwenye vipaza sauti vya shule, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote watakazosikia muhula huu, na itakuwa vizuri isomwe na mtu mwenye sauti. Ile sentensi ya marehemu anayeendelea vizuri ichane leo hii. Mimi nimeinakili kwa furaha yangu mwenyewe, lakini wewe ichane.

Sasa fanya hivi. Usingoje Jumatatu. Leo vua tai, gonga mlango wa mjukuu wako, na tofauti na mwalimu wa michezo, subiri uitikiwe. Mwambie ulipaswa kumsikiliza na ulipaswa kumtaja, halafu nyamaza. Usimweleze utaratibu. Akikutangazia chai, nenda ukamimine vikombe viwili.

Jumatatu soma maneno haya, usiongeze hata nukta: "Taarifa tuliyoitoa kuhusu kobe Sufuria haikuwa sahihi. Kobe yu hai. Alikuwa amelala, kama alivyosema mtunzaji wake, na hatukumsikiliza. Habari hizi zimfikie yeye kwanza, kisha watu wengine wote." Habari zote za Sufuria kuanzia hapo, za kula, kulala na kuamka, azisome mtoto mwenyewe kwa sauti yake, nawe umshikie karatasi. Viatu vilivyopotea baki navyo, hiyo kazi unaiweza. Na mwambie mtunza bustani afukie lile shimo kabla mwalimu mkuu hajatumbukia humo.

Njiani mkirudi, yeye akipunguza mwendo mpaka mkawa sambamba, usiseme lolote la hekima. Mpe miwani abebe. Na akikuambia, "Babu, leo umetangaza vizuri," amini hapohapo. Usimtafutie chanzo cha pili.