Moyo Wangu Unafundisha Madaktari

Mpendwa Shangazi Frema,

Naomba msaada wako kama wengine wanaokuandikia, na hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: sitaki kupona.

Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari hapa Kumasi, na karibu na moyo wangu kuna mshipa uliopaswa kujifunga nilipozaliwa lakini haukujifunga, kwa hiyo moyo unanguruma, wanasema kama mashine ya kusaga mahindi, na tangu nikiwa mdogo Profesa Adutwumwaa wa hospitali ya chuo kikuu huniita kila mwaka wakati wa mtihani wa wanafunzi wa udaktari, nalala kitandani nyuma ya pazia, wanaingia mmoja mmoja wakitetemeka, wananisikiliza kifuani, kisha wanamweleza profesa walichosikia, nami nimeshajua nani amesikia kweli na nani anabahatisha.

Shuleni mimi ndiye yule asiyenyoosha mkono. Hospitalini wananiita Madam. Mwaka jana kijana mmoja alininong'oneza, "Dada yangu, niokoe, wenzangu wamesema una nini?" Nikamjibu, "Kaka, wewe sikiliza tu. Pumua kwanza, hakuna anayekufukuza." Akasikiliza, akafaulu, na sasa ni daktari huko Bolgatanga. Wapo wengine Tamale na Takoradi, wote wamejifunzia kwangu, na huwa najivuna peke yangu kimyakimya nikiwa kwenye foleni ya chakula.

Sasa profesa anasema moyo umeanza kutanuka, mshipa uzibwe likizo hii, lakini anataka nimjibu mwenyewe kufikia Ijumaa. Mama, ambaye ni fundi cherehani, ameshatangaza kanisani. Nilipomwambia labda tusubiri, alicheka: "Unasubiri nini, Serwaa, moyo uote meno?" Nikizibwa, mngurumo utakwisha, na mwakani kitandani atalala mtu mwingine. Mimi nitakuwa nani?

Serwaa

*

Serwaa mwanangu,

Jivune, una haki. Mjukuu wangu alitibiwa na daktari aliyesomea hapo, na leo nimejua kwamba huenda kabla ya kumgusa yeye alikugusa wewe. Nakushukuru.

Lakini acha ujinga. Watu wote hao walikuinamia ili wajue kuponya, halafu wewe ndiye uwakatalie? Profesa amekuangalia miaka yote hii kama mgonjwa wake, si kama kifaa cha darasani. Akisema wakati umefika, umefika. Moyo unaotanuka hausubiri mtu ajisikie tayari. Na usinidanganye kwamba mngurumo ndio uliomsaidia yule kijana. Mngurumo ulikuwepo alipokuwa anatetemeka. Aliyemtuliza ni wewe, na hakuna daktari atakayeliziba hilo.

Usingoje Ijumaa. Nenda kwa profesa peke yako, umwambie ulichoniandikia mimi, aibu au la. Muulize watakufanya nini, hatari iko wapi, na kama bado kuna kazi yako kwa wanafunzi wake ukiwa mzima. Ukirudi nyumbani mwambie mama pia. Atakucheka tena, mvumilie, anakuogopea. Kisha ukazibwe.

*

Shangazi Frema,

Nilikwenda Jumatano baada ya masomo, nikiwa na sare ya shule. Niliyasema yote nikitazama sakafu. Profesa hakucheka. Alisema mwanafunzi lazima ausikilize moyo usio na ugonjwa pia, tena wengi hushindwa hapo, kwa kuwa hawaamini kwamba hakuna kitu, na atanihitaji. Kisha akavua stetoskopu shingoni mwake, akaniwekea masikioni, na ncha yake akaishika kifuani pangu.

"Nusu ya madaktari wangu wameusikia mngurumo wako," alisema. "Wewe je?"

Sikuwahi. Nilisikiliza mpaka nikatosheka. Halafu nikamrudishia, nikamwambia apange siku.