Neno la Siri la Emilie

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Kisangani
Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa tatu asubuhi

Jina: Olga Lokangu
Umri: miaka 26
Kazi: Hana (imefutwa kwa ombi la shahidi). Mchezaji wa kompyuta.
Makazi: karibu na maporomoko ya Wagenia

Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa sababu mmemfungia Merdi, mtunza fedha wa chumba cha michezo ya kompyuta cha Papa Benoît, mtaa wa Mangobo, eti ameiba. Merdi hajaiba kitu. Hata kucheza hajui.

Kwa miaka miwili nimecheza hapo mchezo mmoja wa vita na uchawi. Kila mchezaji anaunda mtu wake ndani ya mchezo. Wangu ni mwanamke mwenye upinde, nikamwita Emilie, jina la marehemu mama yangu. Humo ndani kuna dhahabu, na wachezaji wa mbali wasio na muda wa kuitafuta wanainunua kwa pesa halisi. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Wenzangu wote walikimbilia joka, kwa kuwa lina hazina kubwa. Wanakufa, silaha zinaharibika, dhahabu yote inaishia kwa fundi. Mimi nilikwenda kinamasini, ambako hakuna anayetaka kwenda. Niliua kaa wadogo kwa kuzunguka, maana ukifika kwa wa mwisho, wa kwanza wamesharudi hai. Kila mzunguko niliweka dhahabu katika benki ya mchezo, umeme ukikatika nisipoteze. Magamba ya kaa hao sikumwuzia mwenye duka wa mchezo, huyo anapunja. Nilingoja Jumapili, wachezaji wanapojaa sokoni. Walinicheka, wakaniita mama wa kaa. Baadaye walewale wakaja kuniuliza nafanyaje.

Mnamo Jumanne tarehe 11, saa tisa alasiri, Papa Benoît alisimama nyuma ya kiti changu. Alisema amepata mtu wa Kinshasa wa kumnunua Emilie mzima pamoja na dhahabu yake. Nikamwambia Emilie hauzwi.

"Machine iko yangu, courant iko yangu," akasema, akigusa kompyuta na waya wa umeme. "Donc na huyu mutu yako iko yangu."

"Papa Benoît, kila saa nilikulipaka," nikamjibu. "Mutoni haiko ya papa yangu. Lakini kitunga, ni yeye alitega. Hata chef haingizake mukono ndani."

Akacheka, akasema hayo ni mambo ya samaki. Kwetu Wagenia, ambako baba yangu anatega vikapu vya samaki mtoni, si mambo ya samaki tu. Anayegusa kikapu cha mwenzake anaitwa mbele ya ukoo mzima, na aibu inabaki kwa watoto wake.

Nilikasirika, lakini zaidi niliumia, kwa maana alilitaja jina la mama yangu kama anataja gunia la muhogo. Kompyuta yake ilikuwa inakumbuka neno la siri la kumfungua Emilie. Nikalibadilisha. Sikujificha, yeye alikuwa palepale, anapatana bei kwa simu na mnunuzi wake. Kesho yake Emilie hakufunguka, naye akamshtaki Merdi, kwa kuwa Merdi ndiye anayefungua mlango asubuhi.

Merdi alijua ni mimi. Amelala hapa kwenu bila kunitaja. Nimekuja kumtoa.

Mnaniuliza neno jipya ni lipi, ili mlalamikaji arudishiwe mali yake. Siyo mali yake. Neno liko kichwani mwangu, na sitalisema leo wala kesho, hata mkiniweka palepale alipolala Merdi. Nimesomewa yote, ni maneno yangu, na ninaweka sahihi bila kusukumwa na mtu.

(Sahihi) Olga Lokangu

Maandishi ya afisa: Maelezo yameandikwa nami, Afisa Sylvain. Merdi ameachiliwa saa tano. Shahidi amebaki kituoni. Nimemwuliza tena neno la siri. Ameniuliza kama hapa tunalisha watu.