Uji Niliouzimia Jiko Mapema

Wanangu,

Maharage yako kwenye sufuria ya presha. Mkirudi shule washeni jiko; ikipiga filimbi mara tatu lizimeni, na msiifungue. Joto litamalizia lenyewe. Mboga ya jana ipasheni hapo hapo kabla jiko halijapoa. Birika la umeme, maji ya vikombe viwili tu. Na wewe Kidevu, friji si dirisha la kuchungulia.

Narudi saa kumi, nikimaliza kushona sare za zahanati.

Nawe Bi Mkubwa, dada yake Kidevu, la asubuhi limenichanganya. Uji ulipotokota nikaufunika, nikazima jiko. Ukaja ukawasha. Nikazima tena, nikidhani umesahau. Ukawasha tena, macho yamejaa machozi. Nikakuuliza, "Mwanangu, tunabana umeme, kosa liko wapi?"

Ukasema, "Mama alikuwa anazima hivyo hivyo." Ukabeba mkoba, ukaenda shule na njaa.

Nimebaki na mwiko mkononi. Nina miezi minne tu humu ndani tangu baba yenu anioe. Ningepika tofauti na marehemu mama yenu, ningeonekana navuruga nyumba yake. Nimefanya kama yeye bila kujua, nimekuumiza. Sasa nishike lipi? ~~Kuanzia leo jiko atazima baba yenu.~~ Hapana, huyo atatuunguzia nyumba.

Ukipenda, nisimulie alivyokuwa akipika. Usipopenda, sitakuuliza tena. Ila leo jioni tukae wote jikoni, nami nitapika. Jiko utazima wewe, wakati utakaoona umefika.

Mama mdogo