Atim Asioge, Waya za Feni Ziko Wazi

Mama,

Dada Atim asioge: waya za feni zinaning'inia wazi bafuni. Fyuzi nimeitoa. Usiweke karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pake kama juzi, utatukaanga.

Swichi haitakiwi karibu na maji, kwa hiyo asubuhi nilipitisha waya nje ya dirisha. Askari wameiona, wanasema ni ya redio ya kuongea na waasi. Nikawaambia ni ya feni ya kutoa mvuke bafuni tu, labda waasi nao wanapenda kuoga. Hawakucheka. Sasa wananisubiri nivae viatu.

~~Nitarudi jioni.~~

Feni yenyewe iko chini ya kitanda changu. Mpelekee Mjomba Saverio kambini kwa askari, awaonyeshe kwamba haiongei na mtu. Hata mlango usifunge, Mama, kimbia.

Kitinda mimba wako,
Oloya