Chungu Alichokisugua Mama

Jumamosi, Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye unga. Shajara yangu, nivumilie leo, naandika kwenye simu na vidole vinakosea herufi. Mshtuko haujanitoka.

Nianze na Alhamisi, huko Mbarara, nilipokuwa bado nacheka.

Kwenye maabara ya chuo tulitengeneza fedha. Si ya kununulia sukari, nasema madini, ile ya pete. Tulichemsha maganda ya matoke, ndizi za kupika, yale yale ambayo kila nyumba huko inawatupia mbuzi, tukachuja maji yake, tukayamimina kwenye maji yenye chumvi ya fedha. Hiyo chumvi ikishayeyuka huoni kitu kabisa. Tukapasha moto polepole. Yakawa manjano, halafu yakaiva kama chai ya rangi. Mwalimu akasema hizo sasa ni chembe za nano, ndogo hivi kwamba ukiupasua unywele mmoja kwa urefu, ukapasua tena na tena mpaka uchoke, bado hujazifikia. Maganda ya matoke, jamani! Nilikuwa natabasamu peke yangu.

Halafu akatuonyesha kazi ya chembe hizo. Unachukua udongo, unachanganya na unga wa mbao, unafinyanga chungu. Kwenye tanuru ule unga unaungua na kuacha vitundu. Ukishapoa unakipaka zile chembe kwa brashi, unakiweka ndani ya ndoo yenye bomba, na maji yanadondoka taratibu. Vitundu vinashika uchafu, fedha inaua vijidudu. Nikavimba kichwa kidogo, maana chungu kama hicho tunacho nyumbani. Tuligawiwa.

Mwishoni akaleta visahani viwili vya kuoteshea vijidudu. Kwenye kimoja alikuwa ameweka maji yaliyopita kwenye chungu kizima, na hakikuota kitu. Cha pili kilikuwa cha chungu kilichosuguliwa mpaka ile fedha ikatoka, nacho kilijaa madoa kama mkate uliooza. Akasema chungu hiki kinapitishwa brashi laini na maji safi, basi. Sabuni hapana, majivu hapana, waya wa sufuria ndiyo kabisa usiguse.

Nikamkumbuka Mama.

Wewe humjui mama yangu. Kwetu Fizi, Kongo, mwanamke anajulikana kwa sufuria zake. Anazisugua kwa majivu na mchanga, anazianika nje pale watu wanapopita, na zisipong'aa utazisikia habari zako kanisani. Tulikimbia vita na Mama akaja na tabia hiyo mpaka Nakivale. Siku ya kugawiwa vyungu waliambiwa vitunzwe visafi. Labda walielezwa na mengine, sijui. Mama alilishika hilo moja.

Leo asubuhi nimetoka Ruti, huko Mbarara ninakopanga chumba, nikaja moja kwa moja. Nimekikuta chungu kimeanikwa kichanjani, kimesuguliwa mpaka kimekuwa chembamba mdomoni. Mama alikuwa anakitazama kwa raha zake.

"Minakisugua kila juma, mama," akaniambia. Ananiita mama mimi binti yake, ndivyo wanavyowaita mabinti kwetu. "Na majivu. Angalia venye kiko muzuri."

Nikamweleza. Nilijaribu kusema taratibu, lakini nilikuwa na hasira pia, siwezi kuficha, na sikujua hasira hiyo nimpe nani. Nikamuuliza ni kina nani wengine wanakunywa maji yake. Akashika mdomo.

"Mayi ya Divine," akasema.

Divine ni mtoto wa jirani yetu Mrundi, hata kutembea bado. Amelazwa kituo cha afya kwa kuhara na kutapika. Anapona kidogo, anaanza upya. Na Mama, kwa upendo wake wote, kila asubuhi anampelekea chupa ya maji kutoka kwenye chungu chetu. Leo alikuwa ameshapeleka.

Tulipanda baiskeli moja, mimi naendesha, Mama nyuma na kanga yake mkononi. Mimi nilikuwa najiambia pengine si maji, watoto wanaumwa kwa mambo mengi. Hata sasa sina uhakika. Hakuna aliyepima.

Wodini Mama Divine alikuwa amempakata mtoto, dripu ya serumu inaning'inia juu yao. Chupa yetu ilikuwa pembeni, imebaki nusu. Mama aliichukua kwanza, ndipo akaongea, na kina mama wote wa vitanda vya jirani wakasikia.

"Usimupe tena hii. Chungu yangu nimeiharibu na mikono yangu mwenyewe. Nisamehe."

Mama Divine aliitazama ile chupa. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Hapa wanachemsha maji kila asubuhi," akasema. "Wananiletea, mimi ninakataa. Ninawaambia mtoto wangu anakunywa ya kwa Mama Riziki tu."

Riziki ni mimi.

Muuguzi amesema mtoto bado ana nguvu ya kunyonya, na hiyo ni dalili nzuri. Mama amebaki kule. Hawakumkaribisha na hawakumfukuza, amekaa chini ukutani. Mimi nimetumwa nyumbani nichemshe maji, niwagawie majirani wote wenye watoto, niwaeleze.

Nimechemsha sufuria kubwa, yamepoa, nimefunika. Nimepita nyumba kwa nyumba na nimesema ukweli wote, hata ule wa majivu. Nikawaambia waje na vidumu wachukue maji. Walinisikiliza kwa heshima.

Jua linashuka sasa. Hakuna aliyekuja na kidumu.